Ticha na retingi tatu za ualimu wa ndege: kwa nini hakuanza na ile rahisi

Ticha alinikuta nafuta mafuta kwenye tumbo la Cessna 172, Novemba 2023, kwenye kauwanja kadogo kaskazini mwa Fort Worth, Texas, bado amevaa jaketi la ghalani maana alikuwa anatoka shifti ya usiku moja kwa moja. Mkononi kaunta buku kwaya mbili, lile lile la kuandikia noti za fizikia kidato cha tatu, sijui alilitoa wapi huku. Akasema shikamoo kaka, nikasema marahaba, akafungua ukurasa, nikaona hesabu tupu za dola.

Nimweleze kidogo huyu mtu maana bila hivyo kisa hakieleweki. Alikuwa mwalimu wa fizikia na hisabati Morogoro miaka saba, akapata grini kadi kwa bahati nasibu, akaja huku akafanya kazi ghalani usiku na kuruka mchana hela ikipatikana. Ticha ni jina tulilompa sisi. Siku ile alikuwa na leseni ya biashara ya injini moja, instrumenti anayo, masaa 262 kwenye logibuku, na benki dola 11,400, basi. Swali lake lilikuwa moja: aanze na retingi gani ya ualimu, yaani kibali kipi cha kufundisha.

Kwa wasiojua mambo ya huku, mchezo wenyewe uko hivi. Marekani ili uwe rubani wa ndege ya abiria ya shirika la kawaida unahitaji ATP, leseni ya juu kabisa ya urubani, na ATP kamili ni masaa 1,500. Hii sheria haikuwepo zamani kwa rubani msaidizi, ilikuja baada ya ile ndege ya Colgan Air 3407 kuanguka karibu na Buffalo Februari 2009, watu 50 wakafa, Bunge likapitisha sheria 2010 na ikaanza kubana 2013. Sasa mtu ana masaa 262 na anatakiwa afike 1,500, pengo lile ukilinunua kwa kukodi ndege utauza na figo, kwahiyo wengi wanalijaza kwa kufundisha. Mwanafunzi analipa, we unakaa pembeni, masaa yanaingia kwako pia.

Ualimu wenyewe una vipande vitatu kwa watu wa ndege za kawaida. CFI ndo ya kufundisha kwenye injini moja, kuanzia mtu asiyejua hata mlango unafungukia wapi mpaka leseni ya biashara. CFII ni ya kufundisha instrumenti, yaani kuruka ndani ya mawingu kwa kutazama saa za kwenye dashibodi. MEI ni injini mbili. Sheria haikulazimishi uanze na ipi. Ila ile ya kwanza, yoyote ile utakayoanza nayo, ndo inabeba mzigo mkubwa, kwa sababu mtahini anakupima wewe kama mwalimu kwa mara ya kwanza, saikolojia ya kujifunza, makosa ya mwanafunzi, endosimenti (zile sahihi za mwalimu za kumruhusu mwanafunzi), kila kitu. Zinazofuata ni nyongeza tu, yale ya ualimu hakurudii yote.

Hapo ndo ujanja wa mtaani unapoingia. Huku utasikia kila kona, anza na CFII mzee. Hoja yao si ya kijinga, na mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Uwanja wa maswali wa CFII ni mwembamba, ni instrumenti tu, ambayo umetoka kuifanyia mtihani juzi juzi. Hakuna mambo ya kutua mara kumi kumi kwa mitindo tofauti, huhitaji ile endosimenti ya spini, ndege kushuka huku inazunguka, ambayo CFI ya ndege lazima uwe nayo. Unafaulu, unakuwa mwalimu tayari, halafu CFI unaiongeza kama nyongeza na mtahini anakuwa mpole zaidi kidogo. Nikamwambia Ticha hivyo hivyo, kwa kujiamini kabisa, huku nafuta mafuta.

Akanisikiliza mpaka mwisho kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi anayekosea, halafu akauliza, kaka, nikishapata hiyo CFII peke yake, Jumatatu namfundisha nani?

Nikanyamaza. Maana ukweli ni kwamba shule iliyomwahidi kazi ni ndogo, ndege nne, na wateja wake karibu wote ni watu wanaoanza, madaktari wa meno, vijana wa chuo, mzee mmoja mstaafu. Mwenye CFII tupu haruhusiwi kumfundisha mtu anayeanza kwa ajili ya leseni ya kwanza, hawezi kumsainia solo, yaani kuruka peke yake, kwa sababu kwenye leseni yake ya ualimu hakuna daraja la injini moja. Anabaki kusubiri watu wa instrumenti, ambao pale walikuwa wawili na wote walikuwa wangu. Mimi nilipoanza na CFII nilikuwa kwenye shule kubwa yenye foleni ya wanafunzi wa instrumenti, ikanifaa, nikadhani ndo kanuni. Kumbe lilikuwa joho la saizi yangu tu nataka kumvalisha mwenzangu.

Njia ya tatu, kuanza na MEI, tuliijadili dakika mbili tu maana kaunta buku lilishaimaliza. Kwanza hakuwa na leseni ya biashara ya injini mbili. Bei za pale, Piper Seminole dola 420 kwa saa, masaa 10 ya mafunzo, mwalimu 70 kwa saa, mtahini 1,000, ndege ya siku ya mtihani masaa mawili, jumla 6,740. Halafu sheria inataka uwe na masaa 15 ya kuwa rubani kiongozi kwenye daraja hilo hilo la ndege unaloombea ualimu, kwahiyo ukinunua yote 15 peke yako ni 6,300 nyingine. Dola 13,040 kabla hata ya mafunzo ya ualimu wenyewe, na mtu ana 11,400. Kuna watu wanapitia njia hii na inawafaa, mara nyingi ni waliosomea kwenye shule ambapo leseni ya biashara waliifanya kwenye injini mbili tangu mwanzo na masaa wanayo. Ticha hakuwa huyo.

Halafu kulikuwa na kitu kingine ambacho mimi sikukifikiria na ye alikijua vizuri. Wanachoogopa wengi kwenye CFI ya kwanza ni ule upande wa ualimu, ile kozi wanaita FOI, misingi ya kufundisha. Marubani vijana wanaiona kama sumu. Wanakariri ngazi za Maslow, Bloom, sheria za kujifunza za Thorndike, hawajui za nini. Ticha alipokifungua kile kitabu cha walimu cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, alicheka, akasema hii ni saikolojia ya elimu ya chuo cha ualimu mwaka wa kwanza, hata mpangilio ni ule ule, na hii wanayoita mpango wa somo si ni andalio la somo? Lengo, zana, hatua, tathmini. Miaka saba ameandika maandalio na mkaguzi anakuja anayapekua. Kwahiyo lile jiwe zito kwa wenzake, kwake lilikuwa nyepesi. Kilichokuwa kizito kwake ni instrumenti, aliipata kwa shida na alikuwa hajagusa wingu miezi minne. Ukimwambia huyu aanze na CFII unamwambia aweke mtihani mkubwa wa kwanza juu ya mguu wake mbovu.

Tukakubaliana CFI kwanza. Ila hatukuishia hapo, na hapa ndo naona alitumia akili kuliko wote niliowahi kufundisha.

Mitihani ya kompyuta aliifanya yote kwa mkupuo, ndani ya wiki tano. FOI maswali 50, FIA ambayo ni ya mwalimu wa ndege maswali 100, FII ya instrumenti maswali 50, kila mmoja dola 175. Matokeo yanadumu miezi 24, kwahiyo hakuna hasara ukiyakalia. Na kwa sababu maswali ya mwalimu wa ardhini, yule wa nadharia tu, yanafanana mno na haya, akaongeza na AGI na IGI hapo hapo, dola 350 nyingine, akaenda ofisi ya FAA ya wilaya na makaratasi yake, pale hawatozi, akatoka mwalimu wa ardhini kamili bila kugusa ndege. Matokeo yake FOI 96, FIA 89, FII 84. Jumla ya mitihani yote dola 875. Nilimwambia hizo AGI na IGI ni mapambo. Nilikosea tena. Ndani ya mwezi alikuwa na darasa la Jumamosi sebuleni kwake, watu wanne, wawili Wakenya, Mkongo mmoja wa Bukavu na Mtanzania mmoja, wote wanajiandaa na mtihani wa kompyuta wa leseni ya kwanza, anawafundisha hali ya hewa na aerodinamiki kwa Kiswahili kisha wanarudia maswali kwa Kiingereza maana mtihani ni Kiingereza. Kila mtu dola 20 kwa kipindi. Haikuwa hela ya kutisha, lakini ilimlipia mafuta ya gari, na kubwa zaidi ilimlazimisha ayaseme mambo kwa mdomo kila wiki. Mtu aliyeeleza kwa nini bawa linapoteza nguvu kwa sauti mara kumi mbele ya Mkongo mbishi hawezi kubabaika mbele ya mtahini.

Basi tukaanza kiti cha kulia. Ngoja niseme hapa maana wengi wanadhani ni kuhama kiti tu. Kushoto umezoea mkono wa kushoto kwenye usukani na wa kulia kwenye gesi. Ukihamia kulia mikono inabadilishana kazi, na ubongo haukubali. Siku ya kwanza Ticha anakuja kutua, anataka kupunguza gesi kidogo, mkono wa kulia ukavuta usukani, ndege ikanyanyua pua na kuelea juu ya ranwei kama kuku anayekataa kuingia bandani. Saa ya kasi iko mbali kushoto, unaitazama kwa mshazari, sindano inaonekana iko mahali ambapo haiko. Na pua ya ndege haiko ulipoizoea, unadhani umenyooka kumbe umekaa upande, matairi yanalia. Masaa matano ya mwanzo ni aibu tupu. Tulifanya masaa 14, na spini juu yake kwa mwalimu mwingine, dola 400, akarudi kijani usoni ila anacheka, akasema fizikia yote ya mzunguko aliyofundisha alikuwa hajawahi kuihisi tumboni.

Chekiraidi, yaani mtihani wenyewe na mtahini, ilikuwa Machi 2024. Kabla ya hapo tulisubiri nafasi ya mtahini wiki sita, watahini wa CFI ya kwanza ni wachache na simu zao hazishikiki. Mahojiano ya mdomo yalianza saa mbili asubuhi yakaisha saa nane mchana. Ticha alitoka anang'aa. Alimfundisha mtahini stoli, ile ya bawa kupoteza nguvu, kwa ubao na kipande cha karatasi, mtahini akamwambia amefurahi. Ila upepo ulikuwa umeshapanda, wakaahirisha safari ya angani, akapewa barua ya kusitisha ambayo inakulindia ulichofaulu kwa siku 60. Akarudi baada ya wiki tatu. Akafeli.

Alifeli kitu kimoja, ile ya kutua bila nguvu. Unakuwa unaruka sambamba na ranwei, ukifika mkabala na alama mtahini anasema sasa, unarudisha gesi yote, na kuanzia hapo ndege ni kishada kizito, unageuka nyuzi 180 na unatakiwa uguse kwenye alama au ndani ya futi 200 mbele yake, nyuma ya alama hata hatua moja ni kufeli. Ticha aligusa nyuma ya alama kama urefu wa basi la mkoa.

Na hii naisema wazi, kosa lilikuwa langu. Kwenye uwanja wetu kipindi kile chote upepo wa kusini ulikuwa unatupeleka kwenye mzunguko wa kulia, yaani ndege inazunguka uwanja kwa kugeukia kulia, kwahiyo Ticha akiwa kiti cha kulia ranwei ilikuwa dirishani kwake, anaiona kama anaangalia televisheni. Uwanja wa mtahini mzunguko ni wa kushoto. Ranwei iko upande wa pili, katikati yenu kuna kichwa cha mtahini na kofia yake, lazima uchungulie, na kwa sababu huioni vizuri unachelewa kugeuka, unaenda mbali, upepo wa mbele unakula kilichobaki. Masaa 14 nilimfundisha na sikumpeleka mzunguko wa kushoto zaidi ya mara mbili. Na kufeli kwake kuliniingia mimi pia, maana mojawapo ya njia za kuhuisha leseni ya ualimu ni kupeleka wanafunzi wasiopungua watano kwenye mitihani na asilimia 80 wafaulu mara ya kwanza, na hesabu yangu ikachafuka. Haki yangu.

Wale wa CFII kwanza hapa wananirukia, wanasema unaona, angeanza na CFII asingekutana na hiyo kitu, na kufeli kunabaki kwenye rekodi, mashirika wanauliza. Kweli wanauliza. Lakini angekutana nayo tu baadaye kwenye nyongeza ya CFI, na mwalimu wake angekuwa ni mimi yule yule mwenye uzembe ule ule wa mzunguko wa kulia. Mpangilio haukumfelisha, maandalizi ndo yalimfelisha. Nachokubali ni hiki, kwenye CFII ya kwanza eneo la kujiumbua ni dogo, na mtu ambaye ana hofu kubwa ya mitihani hiyo ni sababu halali, sitamcheka.

Tukafanya masaa matatu ya mzunguko wa kushoto kwenye viwanja vitatu tofauti, nikamsainia upya, akarudi akagusa futi 80 mbele ya alama. Marudio yale yalimgharimu dola 1,450 kwa ujumla, mtahini 600 na zilizobaki ndege na mimi. Nilitaka kumsamehe zangu akakataa, akasema fundi akikosea mshono bado uzi ni uzi.

Sasa hesabu, maana ndo wengi wanaulizia. Mafunzo ya angani masaa 14, ndege 160 na mwalimu 70 kwa saa, 3,220. Darasani na mimi masaa 20, dola 1,400. Mtahini 1,200, ndege ya mtihani 320. Hizo ni 6,140. Ongeza spini 400, mitihani ya kompyuta 875, marudio 1,450, inakuja 8,865. Alibaki na 2,535. Angekuwa na CFII tupu mkononi wakati huo, hiyo 2,535 ndo ingekuwa ya kula huku anasubiri mteja wa instrumenti. Yeye Jumatatu iliyofuata alikuwa na wanafunzi watatu, yule mstaafu mmojawapo, na shule inamlipa dola 28 kwa kila saa ya kufundisha. Ghalani aliaga Mei.

CFII aliifanya wiki saba baadaye, na hapa ndo nilishangaa. Mimi nilidhani instrumenti itakuwa imezidi kupoa. Lakini tayari alikuwa na masaa 70 na kitu kiti cha kulia, ile vita ya mikono imeisha, kusoma saa kwa mshazari kumekuwa kawaida, na mtihani wa FII ulishafanyika hivyo hakuna kurudi kwenye vitabu vya maswali. Kilichobaki ni aproachi zenyewe, kushuka kwenda kutua kwa instrumenti, na holdi, kuzunguka angani ukisubiri zamu. Masaa matano tu na mimi, 1,150, mtahini 900, ndege 240, jumla 2,290. Mahojiano masaa mawili na nusu. Angeanza nayo angekuwa anapigana na kiti kipya na instrumenti iliyolala kwa wakati mmoja. Kitu alichopoteza katikati ni wateja wawili wa instrumenti waliokuja Aprili, tukawapeleka kwa mwalimu mwingine, mmoja hakurudi.

Nisisitize jambo moja kwa wadogo zetu waliokuja kwa viza, maana hesabu ya Ticha si yenu. Yeye ana grini kadi, muda anao. Ukija kwa M-1, viza ya mafunzo ya ufundi, huruhusiwi kufanya kazi wakati unasoma, na ukimaliza unapata mafunzo ya vitendo mwezi mmoja kwa kila miezi minne uliyosoma, na haizidi miezi sita. F-1, viza ya chuo, ni miezi 12. Saa hiyo ikianza kugonga haisimami, kwahiyo kwenu habari ya kupata CFI kisha CFII baadaye taratibu haipo, zote zinatakiwa ziwe mfukoni kabla siku ya kwanza ya ruhusa haijafika, na ipi ianze inabaki kuwa swali la ipi mtahini anapatikana mapema. Na ukirudi nyumbani usidhani utashuka Wilson ya Nairobi na leseni ya FAA ukaanza kufundisha kesho yake, KCAA na TCAA, mamlaka za anga za Kenya na Tanzania, wana taratibu zao za kubadilisha leseni, masaa yako yanahesabika ila karatasi inabidi ianze safari yake.

MEI tuliiweka kiporo makusudi. Sababu ya kwanza hela, ya pili usalama. Mwalimu wa injini mbili kazi yake ni kuzima injini moja huku mwanafunzi anaendesha. Injini ya kushoto ikifa ndege inavutwa kushoto, unatakiwa kukanyaga pedali ya kulia, mguu uliolala ndo upande wa injini iliyokufa. Kila mwalimu wa injini mbili ana hadithi ya mwanafunzi aliyekanyaga mguu usio wake karibu na ardhi na kasi imeshuka. Mwenye masaa 15 kwenye injini mbili, mwenyewe bado anafikiria mguu upi, huyo ndo atamwokoa mwingine? Sheria inaruhusu, mimi roho yangu hairuhusu. Kuna na kile kipengele kwamba kufundisha kwa ajili ya leseni kwenye injini mbili lazima uwe na masaa matano ya kuwa kiongozi kwenye aina na modeli hiyo hiyo, kwahiyo masaa yako ya Seminole hayakusaidii shule ikinunua Duchess, injini mbili ya aina nyingine.

Sababu ya tatu ni ya Ticha na ni ujanja mtamu. Leseni yake ya ualimu, baada ya kuongezwa CFII Mei 2024, ilikuwa na tarehe ya mwisho, 31 Mei 2026. FAA waliziondoa hizo tarehe kuanzia 1 Desemba 2024, kadi mpya hazina mwisho, lakini sharti la kujihuisha kila miezi 24 limebaki pale pale. Na mojawapo ya njia za kujihuisha ni kufaulu mtihani wa retingi nyingine ya ualimu. Akasema basi MEI naifanya kabla miezi 24 haijaisha, hela hiyo hiyo inanunua retingi na inahuisha, kwa nini nilipie kozi ya kujihuisha wakati mtihani nitaufanya tu?

Katikati ya 2025 akafanya leseni ya biashara ya injini mbili kwa mshahara wake. Zile 15 hakuzinunua peke yake. Alitafuta mwenzake mwenye leseni ya injini mbili, wakawa wanagawana gharama, mmoja amevaa kofia ya kuziba macho anaruka kwa instrumenti, mwingine ni rubani wa usalama anayebeba uongozi wa ndege, na kwa muda ule wa kofia wote wawili wanaandika masaa ya kiongozi. Muda wa kutembea ardhini na kuruka bila kofia mmoja tu ndo anaandika, wakawa wanapishana. Bima ya mwenye Seminole ilitaka kuwasumbua kwanza, wakaongezwa sharti la kuruka masaa kadhaa na mwalimu wa pale. MEI haina mtihani wa kompyuta, FIA ya zamani inatosha, kwahiyo alihitaji kuruka tu na mahojiano.

Januari 2026 mtahini alimzimia injini ya kulia wakati anapanda baada ya kuruka, kwenye urefu salama, Ticha akawa anaeleza kwa sauti kama yuko darasani, mguu wa kushoto umekaza, huku anataja kila anachogusa. Mtahini akamwambia punguza mhadhara, mwanafunzi wako ameshakufa. Akacheka, akafupisha, akafaulu.

Leo logibuku lake linasoma masaa 1,180 na kidogo. ATP inataka 50 kwenye injini mbili, safu yake inasoma 31.4, zimebaki 18.6, na mteja wake wa kwanza wa injini mbili, yule mstaafu ambaye aliuza boti akanunua hisa kwenye Seminole, anaanza Jumanne saa moja asubuhi kabla joto halijapanda.